Maneno Matatu

Rustavi, ghorofa ya tano. Lifti yao hula sarafu,
na siku ile ilikula yangu ikanyamaza.
Nikapanda ngazi na mfuko wa mashuka makuukuu,
harufu ya kabichi ikinilaki kila orofa,
hadi kwa Tsiala, aliyewahi kuendesha winchi
kiwandani, enzi chuma kikiyeyushwa usiku kucha.
Mikono bado mipana. Mlango kaufungua nusu.
"Kama unatafuta kitoto cha mbwa, umekosea nyumba."

Sikutafuta kitoto. Nina miaka hamsini na minane,
goti la kushoto linatabiri mvua,
sina tena subira ya viatu kutafunwa.
Namtaka aliyekwisha kuwa yeye.

Akatoka nyuma ya kochi, kidogo kidogo,
pua kwanza, kisha woga, kisha mbwa mwenyewe:
rangi ya chai iliyotiwa maziwa kwa ubahili,
sikioni kile kidude cha manjano cha manispaa
kama bei iliyosahauliwa kwenye koti.
Miaka saba, kwa ushahidi wa meno.
Jina Lomi, yaani Simba.
Simba anayekimbia ufagio.

Tsiala hakuuliza napata mshahara gani.
Aliuliza: usiku unaamka mara ngapi?
Redio yako huwa juu? Kwako nani hubamiza mlango?
Nikajibu kama mshitakiwa. Mbwa akasikiliza kama hakimu.
Kisha akanipa bakuli,
blanketi lenye nywele za wote wawili,
na karatasi yenye maneno matatu ya Kimegreli,
lugha ya mama yake, kitu pekee alichotoka nacho
Sokhumi mwaka wa vita, kando ya roho yake:
njoo,
tosha,
usiogope.
"Kijojia hajui. Au anajua, anajitia uziwi."

Hakulia. Alikwenda jikoni, akafungua bomba,
akaosha kikombe kisafi.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
ya tatu mimi nilimpa kamba na barabara.
Akasimama kizingitini
kama mtu aliyesahau alichokifuata.
Siku ya tano alikula, nikiwa nimempa kisogo.
Ya tisa aliiba soksi. Hakuitafuna,
aliilalia tu.
Nami usiku nikijifunza mbele ya kioo,
ulimi wangu wa Tbilisi ukijikwaa kwenye konsonanti za watu,
njoo, tosha, usiogope,
hata jirani yangu Guram akagonga ukuta
kuuliza nasali dini gani.

"Samaki mkunje angali mbichi," dada yangu Makvala alinicheka.
Nikamwambia, dada, anayekunjwa hapa ni mimi.

Wiki ya sita radi iliupasua mji.
Nikamkuta bafuni, kajibana nyuma ya mashine ya kufulia,
mahali ambapo hata vumbi huingia kwa kuomba.
Nikalala juu ya vigae, goti likalaani,
nikalisema neno la tatu, nikalisema vibaya,
nikalisema mpaka likapoteza maana kwangu
na pengine hapo ndipo likapata maana kwake.
Alitetemeka hadi akachoka kutetemeka.
Akaweka kidevu kiganjani mwangu:
uzito wa mkate mmoja, bado wa moto.

Asubuhi nikampigia Tsiala.
Nikamwuliza: kwenu mnasemaje "hapa ni kwako"?
Simu ikanyamaza. Nikasikia bomba likifunguliwa.
"Hilo sikumfundisha," alisema.
Maji yakaendelea kutiririka.
"Hilo nililiacha makusudi."

Basi nililisema kwa Kijojia,
kwa lafudhi yangu, miguu pekupeku jikoni,
ufagio nimeuficha nyuma ya mlango.
Akainua sikio, lile lenye bei,
akanitazama kidogo,
akarudi kulala.