Hamsini

Mashine imekaa juu ya stuli, jikoni,
mgongo wazi, feni ikikohoa vumbi la Nyawera
ambako Cirhuza aliinunua bila kifuniko.
Nimekuja na waya mmoja na karatasi ya daftari la hesabu.

Hadi jana ilikuwa mpangaji.
Kila ikiamka, ruta iliipa namba:
leo kumi na saba, kesho thelathini na moja,
nasi tukaitafuta nyumba nzima kama mbuzi aliyekata kamba,
masomo ya Ntakwinja yakiwa tumboni mwake.
Jumanne ilikuta simu ya shemeji imekalia namba yake.

Habari hizo nazijua.
Nyumba nne kwa miaka sita, Kadutu hii hii,
garanti ya miezi mitatu, kisha: mwanangu anaoa, mtupishe.
Ukiniuliza ninakaa wapi nitakwambia
panda ngazi mpaka kwa fundi cherehani,
usifike kwenye ukuta ulioanguka,
uliza.

Basi leo ninaandika.
Kibodi ni ya Kifaransa, nukta imejificha juu ya nukta-mkato,
kidole kikisahau, amri inakataa na haisemi kwa nini.
Mia moja tisini na mbili. Mia moja sitini na nane. Moja.
Hamsini.
Halafu mpaka wa kiwanja, halafu lango la kutokea,
halafu yule anayejua namba za walimwengu
ambao sisi tunawajua kwa majina tu.

Nahifadhi. Umeme unakwenda.

Mama anacheka chumbani, gizani.
Sombe inaendelea kuchemka juu ya makala,
haina shida na mtu.

Saa tatu na robo taa zinarudi, feni inakohoa.
Nachukua simu, napiga hodi:
hodi, hamsini.
Kimya.
Waya umelegea. Nausukuma hadi useme *tak*.
Hodi.
Karibu, milisekunde tatu.
Hodi. Karibu, mbili.
Hodi. Karibu, mbili.
Naendelea kupiga hodi hata pasipo haja.

Ntakwinja anauliza: tukihama tena,
namba itabaki kwa mwenye nyumba?
Hapana, namwambia, hiyo tunaondoka nayo,
wewe utabeba ruta, mimi mashine.

Anachukua chaki, anaiandika nyuma ya mlango,
anasimama kidogo,
anakumbuka mlango si wetu.
Anaifuta kwa kiwiko,
anaiandika upya kwenye kiganja.