Umunyu

Pampu ya tatu pale Uvinza ilikufa mwaka wa mvua nyingi,
Malagarasi imepanda hadi miguuni mwa matanuri,
wakamleta fundi kutoka Welisi
– si Uingereza, alisahihisha, hata hajashuka kwenye treni –
mzee mfupi, masikio mekundu, jina lake Idwal.
Sisi tukamwita Idi Wali.
Aliitika.

Baba yangu, Ruhwanya, alimshikia spana.
Kiingereza cha baba kilikuwa cha kuombea maji;
cha Idwal, alidai mwenyewe, cha kuazima.
Wakaelewana kwa grisi na nati
hadi mchana mmoja fundi akachovya kidole
penye ukoko wa sufuria, akalamba, akasema: halen.
Baba naye akalamba. Umunyu.
Halen.
Umunyu.
Kama watu wawili wanaojaribishana viatu.

Jioni, moshi wa miyombo ukituumiza macho,
Idwal akasimulia: watu wa kale wa ukoo wa lugha yake,
Wakelti, walichimba chumvi matumboni mwa milima
katikati ya Ulaya, Roma ikiwa bado kijiji.
Chumvi ikahifadhi viatu vyao vya ngozi,
mifuko, vijinga vya mienge, hata mavi yao.
Neno, haikuhifadhi hata moja.

Baba akanyamaza. Akafungua kifungo cha shati
akaonyesha pale kamba ilipopita:
shule ya misheni, Kasulu, kibao cha mninga,
PUNDA, kwa makaa.
Ukiteleza ukasema Kiha, unavaa,
kisha unamvizia mwenzio ateleze umvike,
na kengele ya saa tisa ikilia
aliyenacho shingoni ndiye anayelala kwenye benchi.
Idwal hakushangaa. Ndicho kilichomuudhi baba.
Bibi yangu, alisema tu. Mti mwingine. Herufi mbili.
Akazichora kwenye vumbi la chumvi, akazifuta kwa kiganja.

Halafu, kama anayelipa deni, akatoa hadithi:
binti wa mfalme, kaolewa ng'ambo ya bahari,
wakamshusha jikoni, kila siku kofi la mchinja nyama.
Akalea kinda la kwezi ukingoni mwa beseni la unga,
miaka mitatu akilifundisha lugha ya kwao,
akalifunga barua chini ya bawa: nenda kwa kaka.
Kaka akaja. Kwa miguu, majini, maana alikuwa jitu.
– Wakapona?
– Walibaki saba. Binti alikufa kwa uchungu.
Na kichwa cha yule kaka, kimeshakatwa,
kiliendelea kupiga soga miaka themanini.
Baba alicheka mpaka akakohoa.

Haya yote ninayo kwa Kiswahili.
Kiha baba hakunipa. Kiswahili kitakulisha, alisema,
na kimenilisha, siwezi kutemea bakuli,
hata sasa ndimo ninamolia.
Lakini na mimi nilivaa kibao, darasa la pili,
kwa kosa la kumwamkia shangazi dirishani: mwakeye.
Mwalimu aliyenivika hakuwa mzungu.
Lugha aliyoilinda ndiyo hii.

Idwal aliondoka na treni ya Jumapili
na kilo mbili za chumvi ndani ya soksi.
Baba tumeshamzika.
Pampu ya tatu ikafa tena, safari hii kabisa,
chuma chake kikauzwa kwa kupimwa.

Ila nikipita alfajiri na magunia yangu
kuna kwezi juu ya bati, kifua rangi ya kutu,
tk-tk-fiiii, tk-tk-fiiii,
vilevile ilivyopumua, hata ile kwikwi ya valvu
ambayo Idwal hakuimaliza.
Kwezi huyu hakuwepo wakati ule. Wala mama yake.

Namtupia chenga za mahindi.
Umunyu, namwambia.
Kesho yake tena: umunyu,
kwa sauti ya chini,
nikiwa nimeshageuka kwanza kutazama
kama nyuma yangu kuna mtu.