Daftari la Miguu

Nilikuwa karani wa miguu.
Cheka ukitaka; kazi ni kazi.
Kibanda cha bati Maruhubi, sanduku la sarafu,
na foleni ya watoto kila Jumamosi
na mifuko yao ya rambo inayonuka.
Kunguru mmoja, miguu miwili. Jozi, shilingi ishirini.
Nahesabu, naandika, nalipa,
na magharibi naichoma kwa mafuta ya taa miguu ya wiki nzima,
moshi wake ukalala nami ushungini.

Kunguru hafugiki, methali inasema.
Basi huyu wetu alikujaje, kama si kwa tundu?
Alishushwa melini, akapokelewa kama mgeni wa serikali,
aje atulie uchafu wetu.
Akala.
Kisha akatazama juu, akaona viota.

Makinda ya chozi akayameza kama tende.
Kurumbiza wa kwenye mpera wa mama akahama,
au hakuhama, sijui. Hakuaga.
Sabuni ya mtu kisimani, yake.
Hereni ya bibi harusi dirishani, yake.
Kuku wa Mize, kule Mtoni, aliangua kumi na mmoja;
Ijumaa wamebaki wanne, Jumatatu mmoja,
na huyo mmoja Mize akimfunika kwa kawa
akimnong'oneza kama mtoto mwenye homa.
Vifaranga wale walikuwa ada ya Vuai, mwanawe.
Ndiyo maana Vuai alikuwa mtegaji hodari kwenye foleni yangu.

Lakini kunguru si mjinga.
Mwezi wa tatu keshaijua mitego, keshaijua manati,
keshawajua watoto kwa sura.
Foleni ikakonda. Vuai akaja mikono mitupu mara mbili,
na mara ya tatu akaja na jozi kumi,
nyeusi tii, kazifunga kwa ukindu.
"Mbona vidogo?"
"Watoto wa kunguru hao, Bi Karani."
Nikaishika jozi ya kwanza. Vidole vyangu vikaingia masizi.
Masizi ya sufuria ya mama yake.
Na chini ya masizi, wekundu,
wekundu wa hina siku ya tatu.

Pugi.
Pugi wanaolia mchana mikarafuuni watu wamelala,
kama mtu apulizaye mdomo wa chupa.

Nikamtazama. Alikuwa akilitazama sanduku,
si kwa uroho: kama unavyotazama dirisha la zahanati
ukingoja jina lako.
Nyuma yake foleni. Jua. Nzi.
Nikaandika: Kunguru, jozi kumi.
Nikamhesabia mia mbili.

Mradi ukafa, kama miradi inavyokufa:
barua haikuja, kisha mshahara haukuja, kisha kufuli.
Kunguru wakarudi kuliko walivyokuwa.
Wananijua. Nikitoka kwenda Darajani
hunitangulia juu ya nyaya za umeme
wakinitukana mtaa hadi mtaa,
na hawa ni wajukuu wa wale, hawajapata kuniona na sanduku.
Wamerithishana uso wangu.

Siwachukii. Jaa ni letu.
Matumbo ya samaki tunayamwaga wenyewe, mlangoni,
na tukishamwaga tunaita fisadi yule aliyekuja kuokota.

Ila jana mjukuu wangu Sabiha kapewa kazi ya shule:
achore ndege watatu wa kwetu, aandike na milio yao.
Akachora kunguru. Akaandika kwaa.
Akachora kunguru mwengine.
Akalamba penseli, akaniuliza:
"Bibi, pugi analiaje?"

Nikakunja midomo. Nikapuliza.
Hewa tupu.
Akasubiri kidogo, kwa adabu, akarudi kwenye karatasi yake.

Daftari bado liko kabatini, chini ya shuka za wageni.
Ukurasa wa sitini na moja: wino wa buluu,
mwandiko mzuri niliousifiwa na wakubwa,
dole gumba la masizi pembeni,
kunguru, jozi kumi.