Daftari la Stakabadhi

Ng'ombe wangu nimemwita Stakabadhi
kwa kuwa alinunuliwa kwa malipo ya pili ya korosho,
yale yaliyochelewa hata tukayasahau.
Hapa Nyangao watu hucheka nikipaza sauti:
"Stakabadhi! Sogea!"
Karani wa chama cha msingi hugeuka.

Kiangazi cha kwanza nilimlisha tumbo.
Mabua, nyasi kavu kama fagio,
pumba za mahindi ndoo mbili asubuhi, mbili jioni.
Alishiba. Alicheua kama hakimu.
Nikaandika: lita tatu. Tatu. Mbili na nusu.

Tekla wa mifugo, binti wa Ndanda,
aliegesha pikipiki, akampapasa mbavu.
"Bi Somoe, huyu umemjaza, hujamlisha.
Maziwa hayatoki kwenye shibe."

Nikajaribu vumbi la dagaa, la chini ya gunia, kutoka Lindi.
Zikapanda hadi tano,
lakini Mchopa wa hoteli akanirudishia chupa:
"Chai yangu inanuka feri."
Nikajaribu mashudu ya ufuta, meusi,
yana joto bado la kinu;
aliyalamba hata debe likalia.
Sita. Sita na robo.
Kisha mnada ukapandisha ufuta,
na mashudu nayo yakavaa viatu.

Ndipo mbaazi zikaanguka bei.
Mwaka ule hakuna aliyezitaka,
magunia yalilala barazani,
wadudu wakaanza kuzihesabu kabla yetu.
Nikazichemsha, nikazianika, nikazisaga,
nikachanganya na lukina iliyonyaushwa juani kutwa nzima.
Kibaba kimoja, si zaidi. Tekla alinionya:
"Ukizidisha, atazikojoa tu."

Nane.
Nikaiandika kwa kalamu nyekundu.

Usiku ule mtoto wa Asumini alilia.
Asumini ni mke wa mwanangu,
siku ya kumi na tisa tangu ajifungue.
Mtoto alinyonya, akaacha, akalia.
Nikamwona mama yake anajikamua kwa vidole viwili
kama ninavyoikamua mimi chuchu ya mwisho,
ile isiyo na kitu.

"Umekula nini leo?"
"Nimeshiba, mama."
"Sikukuuliza shibe."

Ugali. Maji ya mchicha.
Jana ugali, na chai ya rangi.
Maziwa yote yalikwenda kwa Mchopa.

Nilikaa na daftari magotini, tochi ya simu ikififia.
Kurasa kumi na nne za ng'ombe,
kila kibaba, kila jani,
hata siku aliyokohoa.
Za Asumini, hakuna hata mstari.

Sikulia. Kulia hakupiki.
Nilitoka barazani gizani, nikatia mkono gunini,
nikapepeta, nikaloweka,
nikakaa juu ya mbuzi nikakuna nazi
hadi jogoo wa jirani akanikuta.
Asumini alikula bakuli mbili,
akinitazama kama mtu anayedaiwa.
Nikatazama pembeni. Mdaiwa nilikuwa mimi.

Stakabadhi alipata nusu kibaba.
Kesho yake nilikamua: saba.
Nikaandika saba, kwa kalamu ya kawaida,
nikapiga mstari, nikaandika chini yake:
Asumini: mbaazi za nazi, kikombe cha maziwa.
Mtoto: amelala hadi jua limevuka kizingiti.