Kituo cha Saba

Tulitoka Sahare saa moja na robo, maji yakitoka:
mimi, boti ya faiba, mashine ya farasi kumi na tano,
na mtafiti aliyeandikwa kwenye risiti Dkt. S. Sechambo.
Viatu mkononi. Ndoo mbili, betri ya gari,
waya mrefu umejikunja kama mkia wa taa.

Vidole ndivyo vilivyomtaja.
Ncha za mkono wa kushoto zimeota sugu.
Nikakumbuka Ngamiani, barabara ya kumi na nne,
harusi ya dada yangu Mwanasha:
umeme ukakatika katikati ya ubeti,
mwimbaji akakaa, udi ukabaki peke yake gizani
na watu wakatunza kwa kupapasa.
Mimi nilitoa elfu mbili.
Nilikusudia mia tano; giza lilinipunja.

“Ni wewe, Saumu wa udi?”
“Ni mimi. Zima mashine.”

Akashusha kipaza sauti kando ya mikoko,
akanivika spika za masikioni.
Chini kule mtu alikuwa anakaanga vitumbua,
maelfu ya vitumbua, bila kugeuza.
“Kamba wadogo,” akasema. “Wanafyatua magando.
Penye kelele hii majani ya bahari yako hai.”

Nikaona nimepata neno la kusema:
“Kumbe hata bahari ina taarabu yake.”
Akacheka, si kwa ubaya.
“Kamba hajui harusi. Usimvalishe kanzu.
Ile kazi, na hii kazi.
Masikio tu ndiyo yale yale.”

Kituo cha saba hakikuwa na kitu.
Nilidhani waya umekatika.
Akaukagua wote, kiganja kwa kiganja. Mzima.
Akaandika sufuri, akaikoleza mara mbili,
kisha akakaa dakika zote kumi zilizopangwa,
spika masikioni, shingo imeinama,
kama siku ile, akimngoja mwimbaji
avute pumzi.
Hakuvuta.

Nilipowasha kurudi aliinua kidole:
“Plagi ya chini haichomi.”
Na fundi wa Chumbageni alishanila elfu arobaini!

Ufukweni alinilipa juani, noti kwa noti.
Ile mia tano sikumwambia.
Nikafungua plagi ya chini:
nyeusi tii, imelowa.
Nimeiweka dirishani.
Mke wangu anauliza ni ya nini.