Gia ya Pili

Tangu theluji ya kwanza baba hajashika usukani.
Niva imelala bandani, imejitanda vumbi la makapi,
naye amelala kwenye kochi, mkono wa kulia juu ya tumbo
kama kitu alichoazima na mwenyewe kahama.

"Si gari," anasema. "Ni mimi.
Gia ya pili hainiitikii tena.
Nasukuma, inanisukuma."
Daktari wa Giumri alimpima presha siku moja,
akaandika neno refu kwenye karatasi fupi.
Basi, hukumu ikawa imepita.

Mimi sikusema kitu.
Nilikuwa nimeiendesha mwenyewe kupeleka jibini kwa Vergine,
asubuhi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri,
na gia ya pili ilinigomea mimi pia,
mimi wa miaka thelathini na mmoja, ninayebeba ndama.
Ilinigomea mpaka kilima cha kanisa.
Injini ilipopata joto ikalegea yenyewe,
kama mgeni mwenye haya
asiyesema lililomleta mpaka kikombe cha pili.
Mkono hauponi kwa kilima kimoja.

Jumamosi nikaenda hadi ziwani na kurudi,
oili ipate moto kidogo,
kisha nikashuka shimoni na taa ya kichwani.

Kwanza boliti ya juu, ya kujazia.
Hilo Hmayak fundi alinifundisha kwa hasara yake:
alianza kumwaga, ya juu ikakataa kufunguka,
akabaki na gari kavu
na bwana harusi mlangoni.
Nikachomeka bomba kwenye mpini wa spana, nikaning'inia.
Boliti ikalia mara moja. Ikakubali.

Kisha ya chini.
Nilitarajia asali; ilitoka lami,
nyeusi, inanuka kitunguu saumu kilichooza,
ikateremka karaini bila haraka, uzi mmoja usiokatika,
na ndani yake vumbi la shaba likimetameta
zuri, zuri kupita kiasi,
mpaka nilipokumbuka ni nini kile:
gari letu lililosagika chembe kwa chembe
miaka kumi na tisa
huku tukiwaambia watu gari la Kirusi halitaki kitu.
Nikaona aibu ya mtu anayefungua tandiko la punda wake
na kukuta kidonda.

Zaruhi, mtoto wa kaka yangu, alishika faneli huko juu,
magoti kwenye kiti cha baba, mpira ukipita sakafuni.
"Bado?"
"Bado."
Oili mpya katika baridi haina adabu, haina mwendo.
"Bado tu, shangazi? Vidole vimekufa."
"Viamshe."
Lita moja, na robo, na kidogo,
kisha ikafurika tunduni, ikaniingia kwenye mkono wa sweta,
nami nikacheka peke yangu chini ya chuma.

Baba sikumwambia.
Nilimwambia kifundo kinaniuma, anipeleke kwa Vergine.
Alikuja na ndara juu ya soksi za sufu,
akanuna, akawasha, akakanyaga klachi.
Ya kwanza. Kisha akajiweka bega zima tayari
kama anayekwenda kuvunja mlango,
na mlango ulikuwa wazi.
Vidole vyake nusura vigonge dashibodi.

Hakusema neno.
Alivuka kijiji kizima kwa gia ya pili,
akapita nyumba ya Vergine bila kusimama,
akapita shule, akapita zizi la mwisho,
injini ikipiga kelele iombe ya tatu,
naye hakuipa.

Tuliporudi bandani akatafuta ya nyuma.
Akakosa. Akatafuta tena.
Ikaingia mara ya tatu, kwa kishindo.
"Hiyo," akasema, "hiyo ni mimi."

Ya nyuma ilikuwa hivyo tangu inunuliwe.
Nilitaka kumwambia.
Lakini kidole chake cha shahada kilikuwa kinatetemeka
juu ya kirungu cha gia, polepole, kwa mpangilio wake,
na injini nilikuwa nimeshaizima.