Mililita Mbili

Chumba namba nne, kliniki ya wagonjwa wa nje.
Feni haizunguki tangu Februari.
Nimemsomea fomu ya ridhaa, kurasa saba,
kwa sauti ya mtu aliyezisoma mara mia tatu na kumi:
Hulipwi. Utarudishiwa nauli.
Unaweza kuacha wakati wowote
bila kutoa sababu.
Kimemia anacheka hapo kwenye kuacha.
"Fomu hii," anasema, "ingenifikia nikiwa na miaka kumi na tisa."

Swali la kumi na moja. Nalisoma lilivyo,
maana tumekatazwa kulipamba:
Je, umewahi kusikia sauti
ambazo watu wengine hawazisikii?
Ananitazama kama fundi wa saa
anavyoitazama saa iliyofunguliwa na mtoto.
"Nitajuaje kama hawazisikii?
Mmewauliza?"
Visanduku ni viwili. Ndiyo. Hapana.
Jibu lake naliandika pembeni kwa penseli,
pale mashine isiposoma.

Kisha chupa. Ndogo kama ya manukato,
ina mstari wa buluu tumboni.
Tema mate mpaka hapa, namwambia, mililita mbili,
povu halihesabiwi.
Lakini dawa zimemkausha kinywa,
ulimi unabanduka kwenye kaakaa kama stempu.
Fikiria ndimu, nasema.
Fikiria embe bichi la pilipili, lile la pale langoni.
Anafumba macho. Koo linapanda, linashuka.
Barabara ya Thika inanguruma,
na mate yananijaa mimi, bure.

"Nyanya yangu," anasema, macho bado kayafumba,
"alikuwa akinitemea hapa," anagusa kifua,
"akitaka nibarikiwe. Asubuhi ya mtihani.
Siku niliyokwenda kuchukua kitambulisho.
Sasa nikiyatia chupani
baraka inakwenda kwa nani?"
Maabara, nasema. Yatagandishwa.
Tutachunguza jeni za watu wengi, wengi sana,
tuone ugonjwa huu huingilia mlango upi.
"Mkiupata, mtakuja kunibishia hodi?"
Ukurasa wa tano, aya ya pili:
matokeo ya mtu mmoja mmoja hayatatolewa.
Nakohoa kwanza.
Hapana, nasema.

Anatema. Tone, kisha tone. Dakika ishirini na sita.
Anaufikia mstari, anaupita kidogo.
"Hayo ya juu ni yako."
Nafunga kifuniko, nabandika namba.
Si Kimemia tena: kundi la wagonjwa,
mia nne na themanini.

Kuna kundi la pili, la wazima,
wa kulinganishwa nao.
Mwezi Machi walipungua,
msimamizi akatuomba sisi wafanyakazi.
Nikatema. Dakika tatu, chupa imejaa,
kinywa changu kibichi.
Na fomu ikaniuliza
kwa Kiswahili nilichokitafsiri mwenyewe,
nikabishana siku mbili juu ya neno "ndugu":
Je, una ndugu wa damu
aliyewahi kuugua ugonjwa wa akili?

Dada yangu Wangeci hufagia ua usiku wa manane,
nyumbani kwetu Kahawa West,
akiwajibu watu.
Sisi husema amechoka.
Husema ni malaria ilimpanda kichwani.
Wageni wakija, yuko Nakuru.
Nikatia alama. Hapana.

Na sasa ndani ya jokofu,
nyuzi themanini chini ya sifuri,
mate yangu yamesimama safu moja na ya Kimemia
yakijiita kipimo.
Watatulinganisha. Watatafuta tofauti.
Kesho nitamwambia msimamizi.
Jana pia nilisema kesho.

Saa saba. Ufagio umeanza.
Wengine wanajigeuza kitandani, mama anavuta blanketi.
Nimetoka na kizoleo, nimechutama kwenye saruji baridi.
Wangeci anafagia kuja upande wangu,
anamwambia mtu nisiyemwona asogee,
kisha ananiambia na mimi nisogee.